Wagimin na Panya Wake Weupe

Mdogo wangu Wagimin hajawahi kupaza sauti maisha yake yote. Wapo wanaosema ni unyonge. Mimi niliyembeba mgongoni nasema ni kazi iliyomfanya hivyo. Miaka thelathini na moja alilisha panya weupe wa majaribio katika jengo la madaktari kule mjini Yogya, na panya weupe hawataki kelele. Mtu akikaa na viumbe wa namna hiyo muda mrefu, hata mlango anaufunga kana kwamba anamfunika mtoto shuka.

Alizaliwa siku ya soko la Wage, ndiko jina lake lilikotoka, mwaka ule majivu ya mlima yaliponyesha juu ya mpunga. Alikuwa mtoto wa kukaa. Ukimweka penye kivuli asubuhi, jioni unamkuta palepale, anatazama siafu.

Kijijini kwetu panya hatumwiti panya. Akisikia unamtaja hivyo hivyo, bila adabu, atakula mpunga wako kwa kinyongo. Tunamwita Bwana Mzuri. Lakini ukifika msimu wa kuwasaka, wanaume wote hutoka na fimbo, hupuliza moshi kwenye mashimo ya matuta, na hao Mabwana Wazuri hupigwa mpaka mikono ya watu iishe nguvu. Mwaka Wagimin alipopewa fimbo yake ya kwanza, Bwana Mzuri mmoja alitokea miguuni pake, akasimama kwa miguu ya nyuma, akamtazama. Wagimin naye akachuchumaa, wakatazamana.

"We Wagimin!" baba akapiga kelele kutoka tuta la pili. "Unamngoja akupe mkono?"

Shamba zima likacheka. Tangu siku hiyo akaitwa Shemeji wa Bwana Mzuri, na waliompa jina hilo wengine wamekwisha kufa, jina lipo.

Aliwahi kuoa. Mwanamke wa Wates, mrefu, mwenye sauti nzuri. Walikaa miaka minne. Siku aliyoondoka alinipitia hapa akasema, "Yu" (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa), "mdogo wako ni mtu mwema. Ila nimechoka kulala na harufu ya pumba." Sikumlaumu. Chai pia sikumpa.

Basi alipofika umri wa kustaafu, kule kazini chumba cha panya kikafungwa. Mkubwa mpya alitaka mashine. Wakasema panya waliobaki watalazwa, na Wagimin alijua kulazwa kule hakuna kuamka. Akaomba watatu, akapewa. Akaja nao kwangu, kizimba cha waya mapajani juu ya pikipiki ya kukodi, amekifunika kwa shati lake la kazi.

Nilikuwa barazani nachagua mawe kwenye mchele. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa miaka minane, wanangu wote wako mbali, na nyumba hii kubwa ya mbao nilikuwa nakaa mimi na paka wangu Telon. Telon ana rangi tatu: nyeusi, nyeupe na ya tangawizi. Paka wa rangi tatu ni baraka ya nyumba. Hafukuzwi, hata akiiba samaki.

"Yu," Wagimin akasema, "naomba kukaa siku chache."

"Na hicho ulichofunika?"

"Mabwana Wazuri watatu. Yaani mabibi. Wote majike."

"Wagimin! Unaniletea panya nyumba yenye paka?" Nilikasirika hata adabu ya jina ikanitoka.

"Weupe, Yu."

"Hata wangekuwa wa kijani!"

Akafunua shati kidogo. Walikuwa wamelaliana pembeni, weupe kama wali uliopoa, macho yao mekundu. Alikuwa amewapa majina ya maua: Kenanga, Menur, na Melati. Melati alikuwa na mimba. Wagimin alimpapasa tumbo kwa kidole kimoja akasema zimebaki siku kama kumi na mbili.

"Kuna jambo moja nikwambie mapema," akasema. "Panya mwenye mimba akikosa utulivu, akizaa huwala wanawe."

"Mnyama mwovu huyo."

"Si uovu. Anatafuta mahali salama pa kuwaweka, anakosa. Anawarudisha walikotoka."

Akaendelea, sauti yake ileile ya chini: wasipotulia kabla Melati hajazaa, atakwenda nao Klaten kwa rafiki yake Sutarjo, ambaye hana paka. Atapanga chumba huko huko, akae huko huko.

"Nenda," nikasema. "Nani kakushika?"

Kizimba tukakitundika kwa kamba kwenye boriti ya ukumbi, juu, mkono wa Telon usipofika. Pale juu kwenye paa letu kuna kigae kimoja cha kioo, na jua likipita hapo hushuka nguzo moja ya mwanga mpaka sakafuni. Huanza ukutani asubuhi, hutembea polepole ukumbi mzima, na Telon hutembea nayo, analala ndani yake, anahama nayo, miaka yote. Siku zile aliacha nguzo yake. Alikaa chini ya kizimba, mkia umezunguka miguu, anatazama juu bila kupepesa. Hakuruka, hakulia. Alitazama tu, saa nzima, saa mbili, mpaka hewa yenyewe ya ukumbi ikawa nzito kama maji.

Nao kule juu wakaganda. Hawakula. Tango lilikauka, mahindi yalibaki. Siku ya tatu wakaanza kutoa machozi mekundu, yakashuka puani yakapaka manyoya.

Akaja jirani yetu Tukinem, anayeuza mboga ya fenesi barabarani asubuhi na habari za watu mchana. Akainua kichwa, akashika kifua.

"Mbah Legi!" akaniita, Mbah maana yake bibi. "Wanalia damu! Nyumba hii itapatwa na jambo!"

"Limekwishaipata," nikasema. "Limeingia sasa hivi na sufuria tupu."

"Si damu, Yu Tukinem," Wagimin akasema. "Ni maji ya woga. Panya mwenye hofu ndivyo anavyolia."

"Na mwenye mimba analia hivyo hivyo?"

Wagimin akapanda juu ya kigoda, akawafuta mmoja mmoja kwa pamba iliyoloweshwa.

Alikuwa na taratibu zake. Chakula saa ileile kila siku. Kifuu cha nazi kilichotobolewa ndani ya kizimba, wapate pa kujificha, maana kiumbe mwenye pa kujificha huweza kutoka. Pande tatu zifunikwe kwa kitambaa. Redio isisikike. Na mkono uliomgusa paka usiguse kizimba mpaka uoshwe.

"Hawamwogopi Telon anavyoonekana," aliniambia. "Macho yao hayaoni mbali. Wanamjua kwa harufu. Ukimshika yeye kisha ukawapa tango, wewe ndiye paka."

"Mikono hii imelea watoto wanne."

"Najua, Yu. Imenilea na mimi."

Sikuosha. Nilimkuna Telon shingo mbele yake, nikaenda nikatia majani ya kangkung, ile mboga ya majini, kwenye kizimba, nikaona wale watatu wanavyorudi nyuma mpaka waya ukawakata manyoya. Kesho yake nikakuta beseni la maji na kipande cha sabuni chini ya kizimba. Nikanawia miguu.

Sina haja ya kuficha. Nilikuwa mkaidi, na ukaidi wangu ulikuwa na sababu ambayo sikuitaka. Asubuhi Wagimin alikuwa anakohoa kabla ya kuamka, kikohozi kidogo kama mtu anayebisha hodi. Nilikuwa nimeshakizoea. Nilikuwa nimeshaanza kuchemsha maji ya watu wawili. Nikawaza, mtu aliyenizoesha hivyo kisha aondoke kwa ajili ya panya! Basi nikawakasirikia panya.

Siku ya saba Melati hakutoka kabisa ndani ya kifuu. Wagimin alikwenda sokoni kutafuta mbegu za alizeti, labda atakula hizo. Nilibaki peke yangu. Mchana ule ulikuwa wa joto la kabla ya mvua, njiwa wa jirani wanaguna, kila kitu kama kinaonekana kupitia mvuke. Nikasikia kitu kidogo kinatetemeka juu: ni kile kifuu, kinagonga waya, tik, tik, tik. Alikuwa anatetemeka ndani yake.

Kwetu mtoto akizaliwa, ile nguo ya batiki aliyoilalia mama, yenye maji ya uzazi, haifuliwi kwa sabuni. Hukaushwa ikakunjwa, ikawekwa. Mtoto akishikwa na homa au akishtuka usingizini, hufunikwa nguo hiyo, akatulia. Hata akiwa mtu mzima. Nguo aliyozaliwa juu yake Wagimin ninayo mimi, mama alinikabidhi. Nilipanda juu ya kigoda nikiwa na mifupa yangu hii, nikakifunika kizimba chote kwa nguo ya mama yetu. Nikasema, haya, kama nyinyi ni watoto wake, basi na hii ni yenu. Nikashuka nimejaa fahari. Nikasubiri wanyamaze.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Ilikuwa nyembamba, kama sindano inapita kwenye kioo. Kizimba kikaanza kupembea chenyewe. Wakajitupa huku na huku, na mimi nimesimama chini nasema, tulieni, ni nguo ya mama, tulieni.

Wagimin akaingia na mfuko wa mbegu. Hakupiga kelele. Aliiondoa nguo kwa mkono mmoja, akafungua mlango, akaingiza mkono wa pili kumshika Melati asijipige waya na tumbo lile. Melati akamng'ata. Jino likaingia kati ya kidole gumba na cha shahada, akaning'inia hapo, na Wagimin akamwacha aning'inie mpaka alipochoka.

Kisha akaishika ile nguo, akainusa. Akainusa tena.

"Yu. Telon alizaa wapi mara ya mwisho?"

Ndipo nikakumbuka. Mwaka juzi, msimu wa mvua, aliingia kwenye sanduku nililoacha wazi. Alikaa humo na watoto wake mwezi mzima juu ya nguo ya uzazi, na mimi nikasema ni dalili njema, uzazi juu ya uzazi. Haifuliwi, basi sikuifua.

"Miaka thelathini na moja," Wagimin akasema, akitazama mkono wake, "hakuna aliyewahi kuning'ata." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesimulia ndoto ya mwingine. Akaenda chumbani, nikasikia anakunja nguo zake.

Nyuma ya nyumba yetu kuna vyumba vitatu. Kushoto nalala mimi. Kulia alikuwa analala yeye, katikati ya magunia. Vyote viwili vina pazia tu. Cha katikati halali mtu. Ni chumba cha Mama wa Mpunga, Dewi Sri, na kimekuwa chake tangu enzi za bibi yake mume wangu. Kina kitanda chenye mito, mtungi wa maji, shada la mpunga wa mavuno ya mwisho. Kuta zake ni mbao za msaji, na mlango wake ni mzito, una komeo. Telon hajawahi kukanyaga humo. Siku Wagimin alipofika aliutazama mlango ule mara moja tu, akashusha macho. Niliona. Nikajifanya sikuona. Panya ndio adui wa mpunga. Nani amemwalika mwizi alale kwa mwenye ghala?

Alitoka na begi begani, mkono umefungwa kitambaa, akapanda kigoda kufungua kamba.

"Mkono una jeraha," nikasema. "Huwezi kubeba kizimba mpaka Klaten."

"Nitaweza."

"Kiweke humo."

"Humo wapi?"

"Humo!"

Akageuka akaona ninakoelekeza kidevu. Akaiachia kamba.

"Yu, ni chumba cha Mama."

"Unanifundisha? Nimekifagia miaka arobaini."

Nilioga kwanza. Nilioga kisimani kwa ile sabuni ya beseni, kichwa mpaka vidole, nikavaa nguo iliyotoka kwenye kamba, ambayo Telon hajaigusa. Nikaingia peke yangu, nikaketi sakafuni mbele ya kitanda. Nikasema, "Mama, nakuletea wageni. Si wale wanaokula mpunga wako. Hawa wamezaliwa mjini, hawajaona hata tuta. Wana hofu, na mmoja yuko karibu kujifungua. Ukiona vibaya, ukasirike nami. Yeye muache." Nikangoja. Harufu ya mpunga mkavu ilikuwa palepale, tamu kidogo. Nikatoka nikamwambia, "Ingia."

Tukinem alijua kabla jua halijazama. Akasimama uani, mikono kiunoni.

"Mbah Legi, mavuno yakiharibika mwaka huu tutajua pa kuja!"

"Njooni. Mtakunywa chai."

"Umempa Bwana Mzuri kitanda cha Mama!"

"Kitanda hapana. Yuko chini, kwenye mkeka. Na wewe kama unaujua sana mpunga, mbona wali wako unaungua kila siku?"

Akaenda zake. Na Telon akakaa mbele ya komeo siku mbili, siku ya tatu akarudi kwenye nguzo yake ya mwanga, akajinyoosha ndani yake kama vile hajawahi kuwa na shughuli nyingine.

Nikawa na nguo za aina mbili: za upande wa paka, na za upande wa panya. Nanawa, nabadili, naingia, nafunga. Wagimin alinifundisha kukaa. Unakaa chini, humtazami yeyote usoni, unapumua. Mle ndani mchana ni kama jioni, mwanga unaingia kwenye nyufa tu, na vumbi la mpunga linaelea ndani yake halifiki chini. Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Siku ya pili Kenanga alitoka akanusa kisigino changu. Ya tatu Menur akaja, akakaa juu ya mguu wa Wagimin, akaanza kusaga meno, kr, kr, kr, na macho yake yakawa yanatikisika kichwani, yanatoka na kuingia. Nikadhani anakufa.

"Amefurahi," Wagimin akanong'ona. "Ndivyo wanavyocheka."

Melati alikuwa anavuta nyasi kavu moja moja kwenda kwenye kifuu. Siku nzima, moja moja.

Mvua ilinyesha siku ya tano, mchana. Tulikuwa ndani sote. Mvua juu ya vigae, mfululizo, ukasahau ilianza lini. Nikasinzia nimeegemea mbao. Nikaona, au niliota, sijui, mwanamke ameketi ukingoni mwa kitanda. Nywele zake zilikuwa zimelowa, miguu yake ina tope la shambani. Alikuwa ameinama, kiganja wazi karibu na kifuu cha nazi, kama anavyofanya mtu anayengoja kupewa kitu. Sikumuuliza neno. Ingekuwaje nimuulize, kwake mwenyewe? Nilisikia Wagimin anapumua upande wangu, na nikajua yeye halioni hilo, na nikajua haidhuru.

Nilipofumbua macho mvua ilikuwa imepungua. Wagimin alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mtu wa miaka sitini, shavu juu ya mkeka, anatazama ndani ya kifuu.

"Amewala?" nikauliza.

Akainua kidole ninyamaze. Kisha akakiweka sikioni mwake, yaani nisikilize. Nikasikiliza. Ndani ya nyasi kulikuwa na kitu kinalia, kidogo mno, kama maji yanapoanza kupata moto kwenye birika. Si kimoja. Vingi.

Hakutaka kuwatazama mpaka siku ya tatu. Walikuwa tisa, wa rangi ya vidole vya mtoto mchanga. Mmoja alikuwa amekufa. Melati alikuwa amemtoa nje ya kifuu, akamfunika nyasi, hakumla. Wanane walikuwa wananyonya.

Sutarjo alipiga simu kutoka Klaten. Nilikuwa barazani na ungo wangu, Wagimin amesimama uani chini ya mti wa duku. Nilichagua mchele uleule mara mbili.

"Hapana, Jo," nikamsikia. "Chumba mpe mtu mwingine. Huku... huku kuna anayenyonyesha."

Kwetu mgeni akipitisha siku kadhaa lazima aandikishwe kwa mwenyekiti wa mtaa, na yeye alikuwa amekwisha kupitiliza. Kesho yake nikavaa kebaya yangu, blauzi ya siku za heshima, nikamwambia twende.

Mwenyekiti Darsono akatoa fomu, akavaa miwani.

"Jina Wagimin. Uhusiano na mwenye nyumba?"

"Mdogo wake," nikasema.

"Makazi ya muda, au ya kudumu?"

Wagimin akaangalia viatu vyake. Hakika angekaa hapo mpaka kesho bila kusema, namjua. Mwenyekiti akanitazama mimi.

"Sasa, Mbah? Nimuulize yeye au wewe?"

"Usimuulize mtu. Una kalamu mkononi, weka alama kwenye ya kudumu."

"Mwenyewe anakubali?"

Wagimin akaitazama fomu. "Ninafuga panya, Pak Mwenyekiti," akasema. "Kumi na mmoja."

"Fomu haiulizi panya."

"Basi nakubali."

Mwenyekiti akaweka alama, akampa kalamu atie sahihi. Tulirudi kwa njia ya mfereji, mimi mbele, yeye nyuma, maji ya mvua yakienda upande mmoja nasi. Karibu na nyumbani akakohoa, akaniomba ninunue tango, la kwake yeye, si la panya.